Naitrojeni na ioni zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wakulima wa mahindi na mpunga, akina mama wanaotumia maji ya kisima, na hata madereva. Nimeyaweka pamoja kwa sababu majibu yake yana mzizi mmoja: naitrojeni tunayo tele, ila faida na madhara yake hutegemea iko katika umbo gani. Ukishajua unashughulika na ioni ipi, yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme, utajua itakaa wapi, itakimbilia wapi na inaweza kumdhuru nani.

Naitrojeni ni kitu gani hasa?

Ni elementi namba 7, yenye alama N. Atomu yake ina elektroni 7: mbili katika ganda la ndani, tano katika ganda la nje. Hizo tano ndizo zinazoipa tabia zake zote. Ili kutimiza nane, atomu inaweza kupokea tatu kutoka kwa metali, kuchangia na jirani, au kukubali zake zivutwe na oksijeni. Ndiyo maana namba oksidishaji za naitrojeni, yaani hesabu ya elektroni ilizopata (−) au zilizovutwa kutoka kwake (+), huanzia −3 hadi +5, upana ambao si elementi nyingi zinaufikia.

Katika hali ya kawaida ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ukiipoza hadi nyuzi −196 za Selsiasi inakuwa kimiminika, na kwenye −210 inaganda. Atomu zake karibu zote, 99.6%, ni naitrojeni-14. Zilizobaki ni naitrojeni-15, ambayo watafiti huitumia kufuatilia mbolea imeishia wapi shambani. Daniel Rutherford aliitenga gesi hii huko Uskoti mwaka 1772. Aliona mshumaa unazimika ndani yake na panya hawezi kuishi humo. Si kwamba ina sumu. Kilichokosekana humo ni oksijeni.

Kama hewa imejaa naitrojeni, kwa nini mahindi yangu yana njano?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linagusa kiini cha jambo. Hewa kavu ni naitrojeni kwa 78% ya ujazo wake. Piga hesabu ya uzito wa hewa iliyo juu ya ekari moja ya shamba la pwani, utapata zaidi ya tani 30,000 za naitrojeni. Na bado mhindi ulio chini yake unakufa njaa. Mkulima huyo ni kama nahodha mwenye kiu katikati ya bahari.

Sababu ni molekuli yenyewe. Gesi hii ni atomu mbili, N₂, zilizoshikana kwa bondi tatu, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli. Katika molekuli zenye atomu mbili, ni chache mno zinazoshikana kwa nguvu kama hiyo. Mmea hauna chombo cha kuvunja bondi hiyo. Mizizi huchukua naitrojeni ikiwa tayari imeshavunjwa na kuyeyuka majini, hasa katika sura ya ioni mbili: amoniamu na naitreti.

Njano ya upungufu huu ina alama yake. Huanza majani ya chini, yaliyozeeka, ikitokea nchani na kupita katikati ya jani kwa umbo la V. Mmea unapokosa naitrojeni huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga. Ukiona majani ya juu ndiyo yameanza kuwa ya njano huku ya chini ni kijani, tafuta sababu nyingine kabla hujanunua mbolea ya kukuzia.

Ioni za naitrojeni ni zipi?

Tatu ndizo utakazokutana nazo kila siku.

Amoniamu, NH₄⁺, ina chaji chanya. Huundwa pale amonia inapopokea ioni ya hidrojeni, na hidrojeni zake nne hukaa kwenye pembe nne za piramidi ya pembetatu. Humo naitrojeni iko kwenye −3, chini kabisa. Chumvi zake zote za kawaida huyeyuka majini.

Naitreti, NO₃⁻, ina chaji hasi, na oksijeni zake tatu zimeizunguka naitrojeni kwenye bapa moja. Hapa naitrojeni imefika juu kabisa, +5. Naitreti nazo karibu zote huyeyuka, na jambo hilo moja linaeleza kwa nini ni nadra kuzikuta zikiwa mwamba, na kwa nini zinaingia visimani kwa urahisi.

Naitraiti, NO₂⁻, iko katikati, kwenye +3, na umbo lake limepinda. Ni ioni ya mpito: bakteria huitengeneza, na bakteria wengine huichukua muda si mrefu. Ukiikuta kwa wingi katika maji au udongo, ujue kuna kitu kimekwama njiani.

Zipo nyingine. Azidi, N₃⁻, ni atomu tatu zilizonyooka kwenye mstari mmoja. Azidi ya sodiamu ilitumika miaka mingi kujaza ghafla mifuko ya hewa ya magari wakati wa ajali. Sianidi, CN⁻, ni sumu kali, na mihogo michungu huitoa ikipondwa bila kulowekwa wala kuanikwa vizuri. Mwaka 1999 Karl Christe na wenzake huko California walitengeneza N₅⁺, ioni chanya ya naitrojeni tupu. Hiyo ni ya maabara tu. Huwezi kuikuta mahali popote duniani.

Na ioni ya naitrojeni peke yake, N³⁻, ipo?

Ipo, inaitwa naitridi, lakini haiwezi kuishi ndani ya maji. Lithiamu huungana na naitrojeni hata kwenye joto la kawaida la chumba. Magnesiamu inataka moto, na hapa kuna jaribio zuri la darasani. Choma utepe wa magnesiamu ndani ya kikombe cha kauri chenye kifuniko. Jivu utakalopata si oksidi tupu. Ndani yake mna naitridi ya magnesiamu kidogo. Likipoa, dondoshea matone machache ya maji, kisha shikilia juu yake karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa. Inageuka bluu. Hiyo ni amonia inayotoka, na naitrojeni yake imetoka kwenye hewa ya darasa lenu.

Inapatikana wapi zaidi ya hewani?

Miambani ni kidogo mno. Akiba kubwa ya naitreti inayojulikana ardhini iko jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, na imebaki kwa sababu mvua hainyeshi huko: mahali pengine ingekwishaoshwa zamani. Utajiri huo ulichangia vita ya Chile dhidi ya Peru na Bolivia iliyoanza 1879. Leo machimbo ya Humberstone na Santa Laura ni magofu yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwetu, chemchemi za moto za bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, hutoa mapovu ya gesi. Watu husikia habari za heliamu tu, lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo ni naitrojeni; heliamu imepanda nayo kutoka miamba ya kale.

Miilini mwetu naitrojeni ni kama 3% ya uzito. Protini ina takriban 16%, na ndiyo sababu maabara nyingi za chakula hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 kupata protini, kwa njia aliyoianzisha Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883. Nje ya dunia, hewa ya Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, ni naitrojeni kwa karibu 95%, na kwenye Pluto chombo cha New Horizons kilipiga picha mwaka 2015 za uwanda mpana wa barafu ya naitrojeni.

Ni kweli radi huleta mbolea?

Kweli. Joto la radi huvunja bondi tatu, naitrojeni huungana na oksijeni, na mvua huishusha ikiwa naitreti. Lakini usiitegemee: ni kilo chache tu kwa hekta kwa mwaka, wakati zao zuri la mahindi linataka makumi ya kilo.

Vile vinundu kwenye mizizi ya kunde ni ugonjwa?

Hapana, na tafadhali usiving'oe. Kunde, choroko, mbaazi, karanga, soya na maharage hukaribisha bakteria wa kundi la rizobia kwenye mizizi. Bakteria hao wana kimeng'enya kiitwacho naitrojenesi, chenye chuma na molibdenamu, kinachoivunja N₂ katika joto la kawaida la udongo na kutoa amonia. Mmea huwalipa kwa sukari. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha hili mwaka 1886, ingawa wakulima walijua tangu kale kwamba mahindi yanayofuata kunde hustawi.

Chimbua mche unapoanza kutoa maua. Usiung'oe kwa kuvuta, vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi taratibu. Chagua kinundu kinene, kikate kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya protini inayofanana na ile ya damu yetu, inayodhibiti oksijeni isikiharibu kimeng'enya. Kikiwa cheupe hakijaanza kazi au bakteria wake ni dhaifu. Kikiwa kijani au kijivu, kimechoka. Maharage ya kawaida ni wavivu kidogo katika kazi hii kuliko kunde na soya. Na ukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni kwenye kunde, vinundu hupungua, kwa kuwa mmea hauoni sababu ya kuwalisha wageni.

Urea, CAN, SA, DAP: tofauti ni nini?

Tofauti ni ioni. Urea ina naitrojeni 46%, yaani kilo 23 katika mfuko wa kilo 50, lakini haina ioni mpaka kimeng'enya cha udongoni kiigeuze kuwa amoniamu. SA ni salfeti ya amoniamu, yenye 21%. CAN ni naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na chokaa, kama 26%, nusu yake amoniamu na nusu naitreti. DAP ina 18% tu, yote amoniamu, kwa kuwa kazi yake kubwa ni fosfeti ya kupandia.

Sasa fikiria udongo. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi. Amoniamu, yenye chaji chanya, hushikwa. Naitreti, yenye chaji hasi, haishikwi na hushuka na maji. Ndiyo maana CAN huonyesha matokeo haraka, na ndiyo maana mvua kubwa ikifuata siku ya pili, hasa kwenye udongo wa kichanga, sehemu ya hela yako imeshapita chini ya mizizi. Dawa yake si kununua zaidi bali kugawa: weka mara mbili, ukifuata mmea unavyokua.

Amoniamu nayo haikai milele. Bakteria kama Nitrosomonas huigeuza naitraiti, na wengine kama Nitrobacter huipeleka kwenye naitreti, na katika udongo wa joto kazi hiyo hukamilika ndani ya wiki chache. Njiani hutolewa ioni za hidrojeni, kwa hiyo udongo hupata asidi. Shamba lililowekwa SA miaka mfululizo bila chokaa lipimwe pH, yaani kiwango cha asidi.

Kwa nini urea inanuka shambani?

Kwa sababu inakupotea. Punje ya urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu hugeuka, na pale ilipo udongo huwa wa besi kwa muda. Amoniamu huachia hidrojeni yake na kuruka ikiwa gesi ya amonia. Fukia, hata kwa sentimita tano tu. Nawasihi sana juu ya hili: ni kazi ya jembe tu, haiongezi gharama ya mfuko, na inaokoa naitrojeni nyingi.

Viwanda huipataje kutoka hewani?

Mwaka 1909 Fritz Haber, huko Karlsruhe, alifaulu kuunganisha naitrojeni na hidrojeni. Carl Bosch akaikuza njia hiyo hadi kiwanda cha Oppau kilipoanza kazi mwaka 1913. Hutumia kichocheo cha chuma, joto la nyuzi mia nne na kitu na shinikizo kubwa mno. Wote wawili walipata Nobeli, Haber ya 1918 na Bosch ya 1931. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya naitrojeni iliyo katika miili ya watu wa leo imepitia njia hiyo. Njia hiyo hiyo pia ililisha viwanda vya baruti vya Ujerumani katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Maji ya kisima chetu yamepimwa, yana naitreti. Tufanye nini?

Kwanza angalia kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Maabara nyingine huandika naitrojeni iliyo ndani ya naitreti, na hapo kikomo hicho hicho ni kama 11. Watu wengi wameogopa bure au kutulia bure kwa kuchanganya namba hizi mbili, kwa hiyo uliza kabla ya kuondoka.

Pili, tafuta chanzo. Mijini, mara nyingi si mbolea bali ni choo cha shimo kilicho karibu. Mkojo una urea. Urea huwa amoniamu, amoniamu huwa naitreti, na naitreti hutembea na maji ya chini ya ardhi bila kuzuiwa na udongo. Naitreti kisimani hapo ni taarifa kwamba maji ya chooni yana njia, na vijidudu huenda vikapita njia hiyo hiyo. Vijidudu navyo vipimwe.

Anayeweza kudhurika zaidi ni mtoto mchanga wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Naitreti ikigeuka naitraiti mwilini, huigeuza chuma iliyo katika damu isiweze kubeba oksijeni, na mtoto huwa na rangi ya bluu midomoni na kuchani. Hiyo ni dharura. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, tiba ipo. Maziwa ya mama hupitisha naitreti kidogo sana, kwa hiyo mama anayenyonyesha anamkinga mwanawe.

Na hili nalirudia kila ninapopata nafasi: kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua, ioni inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo zaidi. Klorini ya kutibu maji haiiondoi, na chujio la mchanga haliiondoi. Huondolewa na vifaa vya kubadilishana ioni au vya osmosisi kinyume. Nafuu zaidi ni kumtengea mtoto maji ya chanzo kingine, kama mvua iliyokingwa vizuri kisha ikachemshwa.

Soseji zina naitraiti na mchicha una naitreti. Tuache vyote?

Mchicha usiuache. Mboga za majani huja na vitamini C na vitu vingine vinavyozuia madhara; ila usilaze mboga iliyopikwa usiku kucha bila jokofu, kwani bakteria huigeuza naitreti yake kuwa naitraiti. Kwenye soseji, naitraiti ya sodiamu huwekwa kuzuia bakteria wa botulini na kuipa nyama rangi ya waridi. Lakini naitraiti pamoja na protini kwenye moto mkali huweza kutoa naitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani, na nyama za kusindikwa zimeorodheshwa tangu 2015 kuwa chanzo cha saratani. Kula mara moja moja.

Mbolea inaweza kulipuka?

Naitreti ya amoniamu, ndiyo. Ina ioni iliyo chini kabisa, −3, na iliyo juu kabisa, +5, ndani ya chumvi moja. Joto kali au mlipuko wa karibu huzikutanisha. Bandari ya Beirut ilibomoka tarehe 4 Agosti 2020 kwa tani 2,750 za chumvi hiyo, na zaidi ya watu 200 walikufa. Chokaa iliyo katika CAN imewekwa kupunguza hatari. Hata hivyo, ghala la mbolea lisiwe na mafuta, mkaa wala moto. Shura, yaani naitreti ya potasiamu, ndiyo iliyokuwa robo tatu ya baruti ya zamani, pamoja na makaa na salfa.

Gereji wananiambia nijaze naitrojeni kwenye matairi. Nilipe?

Upepo wa kawaida tayari ni naitrojeni 78%. Naitrojeni tupu haina unyevu, kwa hiyo shinikizo lake halichezi sana, nayo ina maana kwenye ndege na magari ya mashindano. Kwa gari la nyumbani, kupima upepo kila mwezi kunakusaidia zaidi.

Mtungi wa mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza ng'ombe mbegu, ni hatari?

Unahitaji adabu. Mbegu za madume kutoka vituo kama NAIC cha Usa River, Arusha, au KAGRC cha Kabete, Kenya, huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Lita moja ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi. Usiusafirishe ndani ya gari lenye madirisha yaliyofungwa, na usilale nao chumbani. Mwili huhisi hewa ukaa ikizidi. Haupigi kelele oksijeni inapopungua, kwa hiyo mtu huanguka bila kuhisi kubanwa pumzi. Mtungi wenyewe usiuzibe kwa kifuniko cha kukaza.

Wapiga mbizi huumizwaje na gesi isiyo na madhara?

Chini ya bahari shinikizo huifanya naitrojeni iyeyuke kwenye damu na mafuta ya mwili. Kuanzia mita 30 hivi huweza kulevya. Ukipanda kwa haraka, hutoka ikiwa mapovu ndani ya viungo na mishipa: maumivu makali, pengine kupooza. Hatari ni ile ile kwa mtalii wa Mafia na kwa mvuvi wa majongoo bahari anayezama kwa mtungi. Panda polepole, na baada ya kuzama mara kadhaa usipande ndege kabla ya saa 18 kupita.

Kwenye mtihani wa vitendo nitazitambuaje ioni hizi?

Amoniamu: pasha chumvi na hidroksidi ya sodiamu, gesi ya amonia hugeuza litmasi nyekundu kuwa bluu. Naitreti: jaribio la pete ya kahawia. Changanya mmumunyo wako na salfeti ya chuma(II) iliyotengenezwa muda huo huo, inamisha neli ya majaribio, kisha teremsha asidi ya salfuriki kali polepole ukutani mwa neli ili ikae chini bila kuchanganyika. Pete hutokea pale tabaka mbili zinapokutana. Ukitikisa, umeipoteza. Naitraiti hutoa rangi ya kahawia hata kwa asidi iliyozimuliwa, hivyo ijaribu kwanza.

Naitrojeni hurudije hewani?

Kupitia bakteria wa mahali pasipo oksijeni. Wakikosa oksijeni ya kupumua, hutumia ile iliyo kwenye naitreti na kuachia N₂. Ndiyo maana kwenye majaruba ya mpunga yaliyofurika, kama ya Mbarali, Tanzania, au Mwea, Kenya, hushauriwa urea au SA, wala si CAN: naitreti ndani ya tope lile hugeuka gesi na kuondoka. Wako pia bakteria wanaounganisha amoniamu na naitraiti moja kwa moja kuwa N₂ na maji, na mitambo kadhaa ya majitaka huwatumia.

Lakini kazi hiyo haikamiliki kila mara. Sehemu hutoroka njiani ikiwa N₂O, gesi ile ile ya usingizi ya hospitali, ambayo kwa uzito ule ule hupasha dunia joto mara 273 kuliko hewa ukaa katika miaka 100. Hutoka zaidi kwenye shamba lenye naitreti nyingi kuliko mmea unavyoweza kuchukua, hasa baada ya mvua kulowesha udongo.